Reale, Hela na Ushindani wa Wakusanyaji: Sarafu Kongwe za Ulaya katika Historia ya Kiswahili

Utangulizi

Katika kata ya Misunkumilo, Manispaa ya Mpanda, mtu aliyeishiwa husema hana hela. Neno hilo hulitumia muuza dagaa, mwalimu na mwendesha bodaboda, wala hakuna anayelihisi kuwa geni. Hata hivyo, sarafu iliyolizaa ilianza kutolewa na utawala wa Kijerumani mwaka 1904, ikatoweka sokoni baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ni miaka mingi sasa tangu mnunuzi wa mwisho alipoitoa mfukoni kulipia chumvi.

Sarafu zenyewe hazikupotea zote. Nyingi zimo katika makabati na albamu za wakusanyaji wa Ujerumani, Austria, Uingereza, Marekani na Afrika Mashariki. Watu hao huzitazama kwa kioo cha kukuzia, huzipima kwa mizani ya sonara, huandikiana, hubishana, na kila mmoja hutamani kuwa na ile ambayo mwenzake hana. Kwa hiyo urithi mmoja umegawanyika mafungu mawili: metali imebaki kwa mkusanyaji, na jina limebaki kwa msemaji wa Kiswahili.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba ushindani wa wakusanyaji umezaa maarifa makubwa ya historia kwa sababu umefungwa na udugu wa kusaidiana. Lakini maarifa hayo yatabaki nusu mpaka lugha ya watu waliozitumia sarafu hizo itakapohesabiwa nayo kuwa mkusanyaji. Ili kuithibitisha hoja hiyo, inafaa kuanzia pwani, ambako fedha za Ulaya zilianza kushindana kabla ya wakusanyaji wake.

1. Reale katika soko la Unguja

Katika karne ya 19, soko la Unguja lilipokea fedha za mataifa kadhaa kwa wakati mmoja. Meli zilizofuata karafuu, pembe za ndovu na sandarusi zilileta fedha ya Austria, ya Hispania na makoloni yake, ya Ufaransa na ya Marekani. Mfanyabiashara wa pwani hakuwa na benki kuu ya kumwambia ipi aipokee. Alikuwa na macho yake, sikio lake la kupima mlio wa fedha juu ya jiwe, na lugha yake.

Kiswahili kilizipa fedha hizo jina moja la ukoo, reale, lililotokana na real ya Hispania, kisha kikazitofautisha kwa sifa. Edward Steere, aliyefanya kazi Unguja na kutoa kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili mwaka 1870, aliandika humo kwamba dola nyeusi ilikuwa reale ya Sham, na dola ya Hispania yenye nguzo ilikuwa reale ya mzinga. Fedha ya Kifaransa nayo ilitajwa kwa nchi yake.

Majina hayo yanastahili kusomwa kama hati. Reale ya Sham ni taler ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Baada ya kifo chake sarafu hiyo iliendelea kupigwa ikiwa na mwaka uleule wa 1780, kwa uzito wa takriban gramu 28, kwa sababu wanunuzi wa Uarabuni na Afrika walikuwa wameizoea sura yake. Neno Sham laelekea kuhifadhi njia iliyopitia, yaani nchi za mashariki ya Mediterania na bahari ambayo Waswahili waliiita Bahari ya Sham. Mkusanyaji anayesoma maandishi ya Kilatini yaliyo kwenye sarafu ataona Austria. Msemaji wa Kiswahili aliona ilikopitia.

Reale ya mzinga ina somo lingine. Mchoraji wa Hispania alichora nguzo mbili za Herkule, alama ya mlango wa bahari wa Gibraltar. Mtu wa pwani, ambaye hadithi ya Herkule haikumhusu, aliona mizinga, kitu alichokijua kutokana na ngome na meli za vita. Waarabu nao waliiita sarafu hiyo abu madfa, yaani yenye mzinga. Hivyo tafsiri moja ya picha ilienea pande zote za Bahari ya Hindi, na hakuna kiwanda cha sarafu kilichoiidhinisha.

2. Kutoka shanga hadi hela

Safari kutoka pwani hadi nchi ya Katavi ya leo ilikuwa pia safari ya kutoka fedha moja hadi nyingine. Kadiri msafara ulivyoelekea magharibi ndivyo reale ilivyopungukiwa na nguvu, na vitambaa na shanga vikachukua nafasi yake. Watu walihesabu kwa doti na shuka za merikani na kaniki. Verney Lovett Cameron alipofika Ujiji mwaka 1874 alikuta soko linalotumia shanga zilizoitwa sofi, zenye umbo la vipande vya mrija wa kiko. Huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Wabelgiji walianzisha kituo mwaka 1879, na wamisionari wa White Fathers wakakipokea mwaka 1885. Wazungu hao walitoka nchi zenye fedha za dhahabu, lakini ili wale na kujenga iliwabidi wajifunze hesabu ya vitambaa na shanga.

Sarafu iliingia bara kwa nguvu pamoja na dola ya kikoloni. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia za fedha na pesa za shaba mwaka 1890. Rupia ilibeba sura ya Wilhelm II akiwa na kofia ya chuma yenye tai, na maandishi ya Kilatini. Pesa ilibeba tai na jina la kampuni kwa Kijerumani upande mmoja, na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Rupia moja ilikuwa pesa 64, kwa mfano wa India, ambako ndiko neno pesa lilikotoka. Kodi ya nyumba iliyoamriwa mwaka 1897 iliwalazimisha watu wa bara kuitafuta rupia hata kama soko lao halikuihitaji.

Mwaka 1904 serikali ilibadili hesabu: rupia moja ikawa na heller 100. Heller ni jina la kale la Ulaya lililotokana na mji wa Hall wa Swabia, ambao ulipiga senti ndogo za fedha katika Enzi za Kati. Kiswahili kililipokea, kikaondoa konsonanti ya mwisho kulingana na muundo wa silabi zake, na kupata hela. Baadaye zilitolewa heller tano na heller kumi zenye tundu katikati, zilizoweza kutungwa kwenye kamba kama shanga. Kwa watu ambao wazazi wao walihesabu mali kwa nyuzi za shanga, sarafu yenye tundu haikuwa ngeni kabisa.

3. Tabora, 1916

Vita vilipozuka mwaka 1914, manowari za Uingereza ziliziba njia ya bahari na fedha kutoka Ujerumani zikakoma kufika. Askari, wapagazi na wauza vyakula walipaswa kulipwa. Serikali ilichapa noti za dharura, lakini wananchi wengi waliziona karatasi hizo kuwa ahadi isiyoaminika. Ndipo karakana ya reli ya Tabora ilipogeuzwa kiwanda cha sarafu.

Mwaka 1916 zilipigwa hapo heller 5 na heller 20 kutokana na mabaki ya shaba, yakiwamo maganda ya risasi, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15. Herufi T chini ya mwaka inautambulisha mji. Ile ya dhahabu ina tembo mbele ya mlima, uzito wa gramu 7 na ushei, na dhahabu ya sehemu 750 kwa 1,000 iliyotoka machimbo ya Sekenke. Jumla yake ilikuwa 16,198 tu. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliingia Tabora, na historia ya kiwanda hicho ikaishia hapo.

Kwa mkusanyaji, Tabora ni mji mtakatifu. Kwa mkazi wa Misunkumilo, ni mji anaofika kwa treni kupitia Kaliua. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa umbali kati ya mafungu mawili ya urithi uliotajwa: sarafu yenye thamani kubwa katika minada ya Ulaya ilipigwa katika karakana iliyo kwenye mtandao wa reli wa nyumbani.

4. Ushindani na utani

Ni nini hasa wanachoshindania wakusanyaji wa sarafu za Tabora? Jibu litamfurahisha mwanaisimu, kwa kuwa linahusu herufi. Mihuri ya chuma iliyotumika kupiga heller 20 ilichongwa kwa mkono, na haikufanana. Wakusanyaji wametambua taji kubwa na taji dogo upande mmoja. Upande wa pili wametambua namna tatu za kuandika herufi mbili za L katika neno HELLER: katika namna moja L ya pili ina ncha iliyojikunja, katika nyingine zote mbili zina ncha kali, na katika ya tatu zote mbili zimejikunja. Ukizidisha mataji mawili kwa namna tatu za L na kwa metali mbili, shaba nyekundu na shaba ya manjano, unapata kihesabu michanganyiko 12, nayo haipatikani kwa wingi ulio sawa.

Tofauti kama hizo haziwezi kugunduliwa na mtu mmoja mwenye sarafu moja. Anayemiliki L iliyojikunja hajui kwamba imejikunja mpaka aione ya mwenzake iliyonyooka. Hapo ndipo ulipo ufunguo wa jambo zima. Mkusanyaji anatamani kumpita mwenzake, lakini ushindi wake hauna maana bila sarafu ya mwenzake ya kulinganishia. Akificha alicho nacho, hata yeye mwenyewe hajui thamani yake. Kwa sababu hiyo wapinzani hubadilishana picha, vipimo na hata sarafu zenyewe. Kazi ya aina hiyo ikiendelea kwa miaka huishia kuwa kitabu. Mwaka 1984 Walter Hafner alichapisha leksikoni nzima ya taler ya 1780 peke yake, akipambanua chapa zake nyingi ambazo mtu wa kawaida angeziona kuwa sarafu moja.

Afrika Mashariki ina jina la uhusiano wa namna hii, nalo ni utani. Wanyamwezi na majirani zao wa njia ya misafara waliukuza sana. Mtani hukucheka, hukudai, huweza hata kuchukua kitu chako mbele ya macho yako, nawe huruhusiwi kukasirika. Lakini ukifikwa na msiba, mtani huyohuyo ndiye anayepaswa kufika na kushika kazi. Mzaha una wajibu ndani yake. Ushindani wa wakusanyaji ukiwa katika hali yake njema hufanana na hilo: ni ruhusa ya kupingana baina ya watu wanaotambua kwamba hawawezi kuachana.

5. Funzo la Kilwa na Mtambwe

Ushindani huo ukihamia katika taaluma unaweza kubadili historia ya eneo zima. Ushahidi bora unatoka katika sarafu za pwani yenyewe. John Walker alizichunguza sarafu za masultani wa Kilwa katika miaka ya 1930. Baada yake G.S.P. Freeman-Grenville alizitumia pamoja na masimulizi ya Kilwa, akauweka mwanzo wa nasaba ya Ali bin al-Hasan katika karne ya 10. Neville Chittick, aliyeongoza uchimbaji wa Kilwa katika miaka ya 1960, alizitazama sarafu za jina hilohilo kulingana na tabaka za udongo, akaisogeza nasaba hadi karibu na mwaka 1200. Tofauti ilikuwa zaidi ya karne mbili.

Mwaka 1984 hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu, ilipatikana Mtambwe Mkuu, Pemba, na kuchunguzwa na Mark Horton na wenzake. Ndani yake zilikuwamo sarafu za Ali bin al-Hasan, na dinari ziliziweka katika karne ya 11. Hakuna aliyeshinda mabishano kikamilifu. Yule wa karne ya 10 alikuwa amekwenda mapema mno, na yule wa mwaka 1200 alikuwa amechelewa. Lakini bila mabishano yao, hakuna ambaye angejua swali ambalo hazina ya Mtambwe ililijibu.

Kisa cha pili kinaonya. Mwaka 1944 Maurie Isenberg, mwanajeshi wa Australia aliyekuwa katika Visiwa vya Wessel, aliokota mchangani sarafu tisa. Nne zilikuwa za kampuni ya Kiholanzi ya biashara ya mashariki, na tano zilikuwa za Kilwa, maelfu ya kilomita kutoka kwao. Sarafu za Mtambwe zilitoka ardhini zikiwa na tabaka lao na majirani zao, zikajibu swali. Zile za Wessel zilitoka mchangani pamoja na alama tu iliyotiwa kwenye ramani, na hadi leo zinauliza bila kujibu. Thamani ya sarafu kwa historia imo pia katika habari zinazofuatana nayo, na habari ikikatika haipatikani tena kwa bei yoyote.

6. Mkusanyaji aliyesahauliwa

Miongoni mwa habari hizo, iliyo rahisi kupotea ni jina. Mkusanyaji wa Ulaya huandika tarehe, uzito, metali na muhuri. Ni mara chache ataandika kwamba kitu alichokishika kiliitwa reale ya mzinga. Na bado, majina yamehifadhi hesabu ambazo metali haiwezi kuzionyesha.

Chukua neno sumuni. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya nane, lakini kwa Waswahili wa karne ya 20 sumuni ni senti 50, ambazo ni nusu ya shilingi. Nusu inawezaje kuitwa sehemu ya nane? Jibu limo katika reale. Kwa hesabu ya kawaida, reale ilikadiriwa kuwa rupia mbili. Baada ya kuundwa kwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki mwaka 1919, rupia ilipisha florini, na florini ikapisha shilingi mbili. Reale basi ikawa shilingi nne, na sehemu yake ya nane ni senti 50. Sarafu tatu zilipita, na jina likaendelea kugawanya reale ambayo haikuwapo tena.

Mfano wa pili ni dala. Taler ilipata jina lake katika bonde la Joachimsthal, Bohemia, mwanzoni mwa karne ya 16. Jina hilo lilikwenda Marekani likawa dollar. Taler yenyewe ilipofika pwani yetu ilivaa jina la Kihispania, reale. Muda mrefu baadaye jina lake halisi lilifika kwa kuzunguka: Watanzania waliiita sarafu ya shilingi tano dala, na magari yaliyotoza nauli hiyo yakaitwa daladala. Metali ilifika kwanza bila jina lake. Jina likafuata bila metali.

Kwa maana hiyo Kiswahili nacho ni mkusanyaji, tena mwenye subira. Kimehifadhi reale ya Hispania, taler ya Bohemia, heller ya Swabia, pesa ya India na shilingi ya Uingereza katika sanduku moja, na hakikuzipanga kwa bendera. Mahasimu wa Ulaya wamekaa humo kama watani. Waandishi wa kamusi, kutoka Krapf wa Mombasa na Steere wa Unguja hadi Sacleux, ambaye kamusi yake ilitoka mwaka 1939, walikuwa wakusanyaji wa aina hiyo, kila mmoja akitetea lahaja aliyoijua, na kila mmoja akimfaa mwenzake.

Sanduku hilo lakini lina tundu. Reale ya mzinga haisikiki tena sokoni, na kijana anayesema sumuni anapungua. Reale nyingi za fedha ziliyeyushwa na masonara zikawa vikuku na mikufu. Sehemu nyingine za nchi, minong'ono ya hazina ya Wajerumani huwafanya watu wachimbe usiku na kuuza wanachokipata kimyakimya, kikiwa kimekatwa na mahali, na jina, na masimulizi. Huo si ushindani wenye utani, maana hakuna mwenzako anayebaki na cha kulinganishia.

Hitimisho

Kinachohitajika hakina gharama kubwa. Orodha za sarafu za Afrika Mashariki ziwe na safu ya jina la Kiswahili kando ya safu ya muhuri. Wanafunzi wa isimu wanaokwenda vijijini kukusanya msamiati wabebe picha za heller, pesa na rupia, wawaonyeshe wazee na kuwauliza ziliitwaje, zilinunua nini, na kumi zilitungwaje. Mkusanyaji mwenye sarafu na mtafiti mwenye neno wapingane kwa uwazi, kama Freeman-Grenville na Chittick, hadi ushahidi wa tatu utokee.

Mzee mmoja wa Misunkumilo anaweza kuwa na jawabu la swali ambalo kabati zima la sarafu haliwezi kulijibu. Anaweza pia kuwa na sarafu yenye tundu ndani ya kopo la chai, na asijue kwamba ncha ya herufi yake imejikunja. Mjukuu wake akimwomba hela ya daftari, wote wawili wameshika ncha ya uzi huo. Kazi ya elimu ni kuufuata uzi huo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Unguja, kabla haujakatika.